Kabla hujamkabidhi fundi fedha za ukarabati, andikishaneni

MFANYABIASHARA wa mpakani hawezi kupakia magunia 20 ya maharage kwenye lori bila hati ya mzigo na sahihi ya dereva. Lakini mtu huyo huyo, siku akiamua kubadilisha paa la nyumba yake au kuongeza chumba cha uani, humkabidhi fundi mamilioni ya shilingi mkononi kwa maneno matupu, eti kwa sababu fundi huyo aliwahi kumjengea jirani na kazi ikawa nzuri.

Fedha hizo mara nyingi si akiba. Ni mtaji unaozunguka, ambao umetolewa dukani au kwenye gari kwa matumaini kuwa utarudishwa msimu ujao. Fundi akipotea nazo, hasara inakuwa mara mbili: nyumba inabaki wazi, na duka linakosa mzigo.

Kisheria, makubaliano ya mdomo si batili. Sheria ya Mikataba ya Tanzania (Sura ya 345) inayatambua, isipokuwa pale sheria nyingine inapotaka maandishi. Tatizo ni ushahidi. Wewe utasema mlikubaliana geji 28, naye atasema hamkutaja geji. Mwandishi wa makala haya aliwahi kulipia mabati ya geji 28 akaezekewa geji 32, ambayo ni membamba zaidi, na kwa kuwa karatasi pekee iliyokuwepo ilikuwa na neno "mabati" na idadi yake, hapakuwa na la kudai.

Kwa hiyo mkataba uanze na mchanganuo wa vifaa na kazi, ule ambao mafundi huuita BOQ. Si lazima uwe wa kurasa nyingi. Lakini kila kifaa kitajwe kwa aina, kipimo, idadi na bei, na gharama ya ufundi ikae peke yake. Fundi anayekataa kutenganisha bei ya vifaa na bei ya kazi, mara nyingi faida yake imejificha katikati ya hizo mbili.

Sasa tuje kwenye vifaa vinavyovuka mpaka, maana hapa ndipo wasomaji wetu wengi huumia. Chukulia mkazi wa upande wa Tanzania wa Namanga ambaye fundi wake amemshauri kuwa vigae ni nafuu upande wa Kenya. Anampa fundi fedha, fundi anavuka, ananunua, na ankara inaandikwa kwa jina la fundi. Forodhani pia mzigo unatamkwa kwa jina la fundi. Kwa karatasi, vigae hivyo ni mali ya nani? Mkigombana kabla havijabandikwa, mwenye karatasi ndiye mwenye nguvu. Mkataba useme wazi kuwa vifaa vyote vitanunuliwa kwa jina la mwenye nyumba, hata kama fundi ndiye aliyetumwa dukani.

Aidha, muulizeni muuza duka vigae vimetengenezwa wapi, si vimeuzwa wapi. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, ukiwa kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Vigae vilivyotengenezwa kiwandani Kajiado vina asili ya Jumuiya. Vilivyotoka China vikauzwa Nairobi havina, hata risiti iwe ya Nairobi. Tangu Julai 2022 kundi la juu la ushuru wa pamoja wa forodha ni asilimia 35, na bidhaa za kauri na rangi ni miongoni mwa zilizoguswa. Msamaha huo hauondoi kodi ya ongezeko la thamani (VAT). Bei ya dukani iliyoonekana nafuu inaweza kuishia kuwa ghali kuliko ya vigae vya Chalinze.

Kwa wasafirishaji: ulizeni nani anapokea mzigo saiti. Kigae kikivunjika njiani ni cha dereva, kikivunjika baada ya kushushwa ni cha fundi au mwenye nyumba, lakini hilo linajulikana tu kama hati ya kupokelea mzigo imehesabiwa na kusainiwa palepale. Sahihi ya kibarua aliyekuwa karibu haisaidii. Mkataba utaje mtu mmoja mwenye ruhusa ya kupokea.

Jambo jingine linaloonekana la mzaha: shilingi ya wapi? Fundi wa upande wa pili akikuambia laki moja, hakikisha ni laki ya nchi gani, kwani tofauti ya shilingi ya Kenya na ya Tanzania ni karibu mara 20. Na kwa kazi inayofanyika Tanzania andikeni shilingi ya Tanzania, kwa kuwa kanuni za Machi 2025 zinakataza bei za ndani kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni.

Kuhusu malipo, gharama ya ufundi ilipwe kwa hatua zinazoonekana kwa macho: paa la zamani limeshushwa, kenchi zimesimama, mabati yamekamilika. Asilimia 5 hadi 10 ishikiliwe mpaka mvua ya kwanza kubwa ipite. Mafundi hulalamika, lakini paa halina mkaguzi mwingine. Malipo yapite benki au kwenye simu ili yaache alama, na risiti za dukani zitunzwe.

Kupaka rangi ni jambo dogo, lakini kuongeza chumba au kuvunja ukuta unaobeba nyumba kunahitaji kibali cha halmashauri nchini Tanzania, au cha kaunti nchini Kenya. Andikeni ni nani atakifuatilia na nani atalipa faini kazi ikisimamishwa. Kwa kazi kubwa, thibitisheni usajili wa mkandarasi kwenye Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) Tanzania au Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi (NCA) Kenya. Na kama fundi anatoka ng'ambo ya mpaka, suala la kibali chake cha kazi liulizwe kabla hajashika nyundo.

Kazi ikishaanza, nyongeza haziishi: dirisha lisogezwe, dari libadilishwe. Kila nyongeza iandikwe na bei yake siku hiyo hiyo, hata kwa ujumbe wa simu ambao fundi ameujibu "sawa", na ujumbe huo usifutwe mpaka hesabu ya mwisho ifungwe.