Benchi la Urafiki: Tiba ya Sonona Chini ya Mti

Benchi la Urafiki ni tiba ya mazungumzo kwa wenye sonona na wasiwasi, iliyobuniwa Zimbabwe na daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda. Mgonjwa wake mmoja alijiua baada ya familia kukosa nauli ya kumfikisha hospitalini. Ikabidi tiba imfuate mgonjwa. Mwaka 2006, katika mtaa wa Mbare jijini Harare, Chibanda alianza na bibi 14 waliokuwa wahudumu wa afya wa jamii.

Maradhi haya Washona huyaita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Kwenye zahanati, mgonjwa hujibu maswali 14 kuhusu wiki iliyopita: kama alikosa usingizi, alilia au alitamani kulia, kazi zilimlemea, au alifikiria kujiua. Akifikisha alama 9, hukaribishwa kwenye benchi la mbao nje, akae na bibi. Bibi hamwambii la kufanya. Humsikiliza hadi mwisho, kisha humwomba ataje matatizo yake, achague moja na apange hatua anayoiweza, kama vile kumwendea ndugu fulani kuhusu ada ya mtoto. Wakikutana tena huangalia pamoja kilichofanikiwa na kilichokwama. Vikao ni 6. Mwenye hali mbaya zaidi hupelekwa kwa wataalamu.

Je, inaponya? Jaribio la kitabibu lilihusisha zahanati 24 za Harare na wagonjwa 573. Kwa kura, nusu ya zahanati zilipewa benchi. Nyingine ziliendelea na huduma ya kawaida iliyoboreshwa, ikiwemo ushauri wa wauguzi na dawa kwa waliozihitaji. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA. Baada ya miezi 6, wastani wa alama za dalili ulikuwa 3.81 kwa waliokaa na bibi, na 8.90 kwa wengine. Waliobaki na dalili za sonona walikuwa asilimia 14 upande wa benchi, na asilimia 50 upande wa pili.

Zaidi ya asilimia 80 ya washiriki walikuwa wanawake, hivyo kwa wanaume ushahidi bado ni mchache. Hata hivyo mpango umevuka mipaka, ukafika Malawi na Zanzibar. Pale daktari wa akili asipopatikana, bibi aliyefunzwa vizuri na kusimamiwa anaweza kutibu.