Jina Lake Mulangoni

Tukiona mwanaume mwenye kulala inje, karibu na soko ao kwenye baraza ya magazini, mara nyingi tunasema: «Aache kwanza pombe. Atafute kwanza kazi. Kiisha tutamuonea fasi ya kulala.» Maneno haya yanaonekana kuwa ya akili. Lakini kuna inchi moja yenye ilifuata njia hiyo miaka mingi, mwisho ikaiacha. Ni Ufini, inchi ya baridi kali huko kaskazini ya Ulaya.

Kulala usiku, kutoka asubui

Wakati ule wanaume wengi walitoka vijijini na kwenye kazi ya kukata miti, wakaingia Helsinki, muji mukubwa wa inchi, kutafuta maisha. Wengine walikosa kazi, wakaanguka katika pombe. Mwaka 1967, kisha watu kufa inje, muji ulifungua depo ya zamani ya rangi ili walale mule. Mamia ya wanaume walilala pale. Asubui, kila mutu inje tena!

Nyuma ikaja njia ya ngazi: kwanza kitanda katika nyumba ya usiku, kiisha chumba chenye sheria kali, na mwisho, kama mutu ameacha pombe kabisa, nyumba yake. Mwenye kuteleza mara moja alirudishwa chini. Wengi walipanda na kushuka miaka na miaka.

Ufunguo ndio mwanzo

Mwaka 2007 serikali iliita watu wane kutoa shauri. Kati yao kulikuwa daktari na Eero Huovinen, askofu wa Kilutheri wa Helsinki. Waliita maandiko yao «Jina mulangoni». Walisema: nyumba si zawadi ya mwenye amepona, nyumba ndio inamusaidia kupona.

Tangu 2008 wakaanza kugeuza nyumba za vitanda vya usiku. Jeshi la Wokovu, kanisa lenye linajulikana hata kwetu Kongo tangu 1934, lilikuwa na nyumba ya vitanda 250 kwenye barabara ya Alppikatu. Mwaka 2012 ikawa nyumba ndogo 81, kila moja na mulango wake.

Inatembea namna gani? Mutu anatia sahihi mukataba kwa jina lake. Analipa nyumba kila mwezi, na kama feza haitoshi, serikali inaongeza. Hawamufukuze juu ya kunywa, lakini lazima aheshimu majirani. Wafanyakazi wako karibu: wanamusaidia kupata vitambulisho, kwenda kwa daktari, kupanga madeni, kujaribu kazi ndogo. Siku moja wengine wanahamia nyumba ya kawaida katika muji. Wengine, wazee ao wagonjwa, wanabaki. Hata hao hawalale tena inje.

Fikiri kidogo. Mutu asiye na mulango ataweka dawa zake wapi? Ataoga wapi mbele ya kwenda kuomba kazi? Na mwenye kulala jicho moja wazi, juu ya kuogopa wezi, atapata wapi nguvu ya kushinda pombe?

Hesabu inasema nini?

Mwaka 1987 watu zaidi ya 18 000 hawakuwa na makao Ufini. Mwaka 2023 walibaki karibu 3 400. Mwaka 2024 hesabu ilipanda tena, karibu 3 800, wakati serikali ilikuwa inapunguza misaada. Ndio kusema kazi hii haiishe: ukiondoa mukono, mutu anaanguka tena.

Na sisi?

Kwetu Leta hailipie mutu nyumba. Lakini jamaa yenye kuwa na chumba kitupu mu lupango, ao kundi la vijana lenye linaweza kutengeneza kimoja, wanaweza kuanza na mutu mumoja. Mupatie ufunguo wake. Andikeni mukataba, hata kama malipo ni kidogo sana, ao ni kazi ya kufagia kiwanja: mwenye kulipa si mwombaji, ni mupangaji. Na mupange nani atapita kumuona kila juma, kwa mwaka muzima. Siku atarudi amelewa, usikimbilie kumunyanganya ufunguo. Ongea naye kesho yake, akiisha kulala vizuri mu kitanda chake.