Gari mbili zikigongana pa parkingi: kosa ni ya nani, na nani atalipa?

Siku treni inaingia Kindu, kiwanja cha mbele ya gare kinajaa sawa siku kuu. Wote tunajua namna treni ya SNCC inangojewa: leo hapana, kesho hapana, kisha siku moja watu wanasikia inalia kule mbali, na muji wote unashuka. Jeep za makampuni, taksi, pikipiki za wamotari, toleka, pusupusu, wamama na mabeseni yao, na wenye walivuka Lualaba toka Alunguli. Kila mutu anatafuta nafasi ya kuingia, na kisha saa moja kila mutu anatafuta nafasi ya kutoka.

Ni pale niliona kwa macho yangu jambo moja lenye lilinifundisha mengi. Jeep ya kampuni moja, jina sitataja, ilikuwa imesimama pembeni ya ukuta. Shofere wake, mwenzetu wa sendika, akaingiza mashariere polepole. Nyuma yake, upande mwengine, taksi moja kadogo nayo ilikuwa inarudi nyuma. Kila mumoja aliangalia upande mumoja tu. Pam! Taa ya nyuma ya taksi ikavunjika na bodi ikaingia ndani. Jeep, hata rangi haikutoka sana.

— Weye hauna macho?
— Mie njo nilikuwa wa kwanza kutoka!
— Wa kwanza wapi? Juu uko na gari kubwa, unazani kiwanja ni ya baba yako?

Mu dakika tano kulikuwa tayari wajuji makumi mbili. Wengine walisema kosa ni ya jeep juu ni ya kampuni na kampuni iko na makuta. Wengine walisema kosa ni ya taksi juu imezeeka. Mwenye aliona kweli kweli hakuulizwa: kijana mumoja mwenye kuuza maji.

Juu ya kuogopa gari zisipelekwe ku polisi, shofere wetu akatoa dola 40 mu mufuko wake, akapatia mwenye taksi, na kila mumoja akashika njia yake. Hakuna karatasi, hakuna foto, hakuna jina. Kisha juma mbili, mwenye taksi akafika ku biro ya kampuni: taa na bodi vilikula dola 130, na "shofere wenu mwenyewe alikubali kosa, juu alinilipa". Kampuni ikamaliza ile deni, kisha ikaanza kukata mushahara wa shofere. Mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili. Hapo njo alikuja kutuona.

Nikamuuliza: "Ndugu, ile gari haikuwa na asiransi?" Akanyamaza. Asiransi ilikuwa, tena ya gari zote mbili. Karatasi ilikuwa imebandikwa ku kioo cha mbele, tarehe yake bado haijapita. Ilikuwa pale inatuangalia sisi wote, na hakuna hata mutu mumoja aliiwaza.

Kosa haipimwe kwa ukubwa wa gari

Wandugu wasomaji, pa parkingi gari zinatembea polepole, na mara nyingi hakuna mutu anaumia. Kwa ile sababu watu wanazani sheria haiko pale. Utasikia: "Hapa ni kiwanja cha parokia, hapa ni mu parsele ya hospitali, Code de la route haifike." Ni kujidanganya. Hata kama kiwanja ni cha mutu binafsi, kuko sheria ya zamani sana yenye inafuata kila mutu fasi yote: dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, yenye tunaita Code civil, kitabu cha tatu. Kifungu cha 258 kinasema, kwa kifupi, kwamba mwenye kuharibu kitu cha mwenzake kwa kosa yake anapashwa kukitengeneza. Kifungu cha 259 kinaongeza: hata kama ilikuwa ni uzembe tu ao kukosa uangalifu. Haiulize kama uko directeri ao motari.

Basi namna gani ya kujua kosa ni ya nani? Ulizo la kwanza ni hili: gari gani ilikuwa inatembea, gari gani ilikuwa imesimama? Kama moja ilisimama vizuri fasi yake na ingine ikaigonga, mambo iko wazi. Hata kama mwenye ile gari alikuwa mu soko ananunua sombe, hana kosa.

Kama zote mbili zilikuwa zinatembea, uliza: nani alikuwa anafanya manevre? Mwenye anarudi nyuma, mwenye anatoka fasi ya kupaki ao anaingia, mwenye anageuza gari, yeye njo anapashwa kuangalia na kuachia wengine njia. Mwenye alikuwa anapita mu njia ya katikati iko na haki mbele yake. Lakini kama huyu wa katikati alikuwa anakimbia sawa iko ku barabara ya Kalima, naye atabeba sehemu.

Kama zote mbili zilikuwa zinarudi nyuma, sawa ile siku ya gare, wote wawili walikuwa na kazi moja ya kuangalia, na wote wawili hawakuifanya. Hapo mara nyingi asiransi zinagawa kosa nusu kwa nusu. Kama mutu alifungua mulango na motari akaingia mu mulango, ni mwenye kufungua njo alipashwa kuangalia kwanza. Na mbele ya gari mbili zenye kukutana pa makutano ya parkingi, pasipo kibao, ni ile kanuni tulifundishwa sisi wote: yenye kutoka kuume inapita.

Tena, gari zenyewe zinasema. Bodi yenye iliingia nyuma ku kona, mukwaruzo wenye unaenda toka mulango mpaka taa, vipande vya kioo pa chini: vyote vinaonyesha gari gani ilitoka wapi. Na udongo wetu mwekundu, wakati wa mvula, unachunga alama za mipira vizuri kupita mushahidi mwenye kunywa. Lakini ukisogeza gari mbele ya kupiga foto, umefuta ile ushuhuda kwa mukono wako.

Karatasi mbele ya makelele

Mu Ubelgiji na Ufaransa, shofere anachunga mu gari karatasi moja inaitwa "constat amiable". Gari mbili zikigusana, wanaijaza pamoja, wanatia sinyatire, kila mumoja anabaki na kopi yake. Hawangojee polisi kama hakuna mutu aliumia. Siye hapa tunaweza kufanya ile ile na karatasi mbili za kaye ya mwanafunzi na biki.

Andikeni tarehe, saa na fasi. Namba za plaki zote mbili. Majina ya washofere na ya wenye gari, namba za simu, namba ya permi. Jina la kampuni ya asiransi, namba ya polisi ya asiransi, na siku inaisha. Choreni kiwanja: ukuta huu, jeep hapa, taksi hapa, na mushale wa kuonyesha kila gari ilikuwa inaenda wapi. Andikeni vitu vyenye viliharibika. Mushahidi awe mutu mwenye hakuwa ndani ya gari hata moja.

Jambo moja la kukumbuka: andika yenye ilifanyika, usiandike "kosa ni yangu". Kama uliona unarudi nyuma, andika "nilikuwa ninarudi nyuma". Ile ni ukweli. Kugawa kosa ni kazi ya asiransi, na kama hawapatane, ni kazi ya tribinali. Na kutoa makuta pa kiwanja bila maneno ya kuandika, watu wanaweza kuipokea sawa vile umekubali kosa yote. Mwenzetu alijifunza ile kwa dola 40.

Kama mukwaruzo ni kadogo kabisa na munataka kumalizana ninyi wawili, hakuna ubaya. Lakini muandike: fulani amepatia fulani kiasi hiki juu ya taa, na mambo imekwisha. Sinyatire mbili. Wazee walisema, mali bila daftari inaisha bila habari.

Polisi wa barabarani muwaite kama mutu ameumia, hata kidogo, ao kama mumoja anakataa kutoa majina, ao kama amekimbia. Kukimbia kisha kugonga ni kosa ingine yenye sheria inaazibu. Muombe PV iandikwe na muchunge namba yake. Na kwa mutu mwenye ameumia, musilipane pa kiwanja: kichwa chenye hakiume leo kinaweza kuuma kesho.

Asiransi uliisha kuilipa

Toka sheria namba 73/013 ya tarehe 5 mwezi wa kwanza 1973, kila gari yenye moteri inapashwa kuwa na asiransi ya "responsabilité civile". Wamotari, musikie vizuri: pikipiki nayo iko na moteri. Miaka mingi, toka 1966, SONAS njo ilikuwa peke yake mu inchi. Sheria namba 15/005 ya tarehe 17 mwezi wa tatu 2015 ilifungua soko, na leo kuko makampuni mengine, yote chini ya macho ya ARCA, yenye kuchunga kazi ya asiransi.

Lakini watu wengi wanabeba ile karatasi juu ya polisi tu, sawa dawa ya kujikinga pa barierre. Hawajue inafanya nini. Inafanya hivi: kama wewe njo uko na kosa, inalipa vitu vya mwenzako vyenye uliharibu. Gari yako mwenyewe, hapana, mpaka uwe ulilipa garanti ingine yenye bei kubwa. Na kama hauna asiransi, ile yote inatoka mu mufuko wako, na unaweza kuazibiwa juu.

Peleka habari ku asiransi mbio. Siku zenye ulipewa ziko mu kontra yako, soma. Peleka ile karatasi, mafoto, devi ya garaji. Usitengeneze gari mbele eksperi haijaiona, ukitengeneza, ataona taa mupya na atakuuliza: "Nilipe nini?" Kila barua uipeleke kopi mbili, moja watie kashe ya kupokea, ubaki nayo. Wakikuzungusha miezi, kuko ARCA ya kuandikia, kuko na tribinali de pe.

Na sisi wafanyakazi?

Hapa njo pananigusa. Kifungu cha 260 cha ile Code civil kinasema mutu anajibu pia juu ya makosa ya wale wenye kumutumikia, wakati wako mu kazi yake. Maana yake: shofere akigonga taksi akiwa mu kazi, mwenye taksi anaweza kuuliza kampuni. Na kampuni iko na asiransi juu ya ile ile. Kurudi sasa kukata mushahara wa shofere, bila kumusikiliza, bila karatasi, juu tu alikuwa pale, haiko haki. Code ya kazi ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inahesabu sababu zenye mushahara unaweza kukatwa. Patroni hawezi kuongeza yake kwa roho yake.

Kwa mwenzetu, tulirudi pa gare, tukamupata kijana wa maji. Akasema bila kusukumwa: "Zote mbili zilikuwa zinarudi nyuma." Tukaiandika, akatia sinyatire. Tukapeleka ku biro na barua ya sendika. Mwezi wa tatu hawakukata tena. Lakini ya miezi miwili haikurudia, na asiransi ilikataa: siku zilikuwa zimepita na taksi ilikuwa imetengenezwa.

Toka pale, mu sendika yetu tunaambia washofere wote maneno mawili. Ya kwanza: mbele ya kupokea ufunguo, angalia tarehe ya asiransi ku kioo. Kama imepita, andika barua kwa mukubwa na uchunge kopi. Ya pili: weka kaye na biki mu gari, pamoja na krike na mupira wa akiba. Kaye haina bei. Mishahara ya miezi miwili, munajua ninyi wenyewe watoto wanakula nini nayo.