Kamera kubwa za studio zilizobaki stoo: fikiri kabla ya kuziuza kwa kilo

Simu za mkononi zilipoanza kupiga picha nzuri, studio nyingi za masoko yetu zilifunga. Hata kabla ya hapo, maabara za picha za rangi zilikuwa zimewanyang'anya wapiga picha wa vijijini kazi ya kusafisha filamu. Kilichobaki ni mali isiyo na kazi ya kila siku: kamera ya mbao yenye miguu mitatu na kitambaa cheusi, enlaja nzito kama cherehani, lenzi za shaba, masanduku ya negativu na chupa ambazo lebo zake zimefutika. Gachoka na kwingineko Mbeere Kusini, vitu hivi viko chini ya kitanda au katika stoo ya mabati. Hukumbukwa mzee anapohamia kwa mtoto wake, au anapofariki.

Anayefika wa kwanza huwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Yeye hupima shaba kwa mizani, hulipa na kuondoka. Lenzi iliyotengenezwa Ujerumani au Uingereza na ambayo bado inafanya kazi huenda kwa bei ya bomba la maji, na negativu huchomwa pamoja na takataka. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupunguza mali hiyo bila hasara.

Kwanza tujue tunazungumzia nini. Kamera kubwa ni ile inayotumia filamu bapa au bamba la kioo badala ya filamu ya kuviringishwa. Kipimo kilichoenea ni inchi 4 kwa 5. Eneo lake ni karibu mara 15 ya eneo la fremu moja ya filamu ya kawaida ya milimita 35, na ndiyo sababu picha ya ukoo mzima iliyopigwa kwa kamera hiyo inaweza kukuzwa hadi ukaona vifungo vya shati la mtoto aliyekaa mstari wa mbele. Ziko pia za inchi 5 kwa 7 na za vipimo vya zamani vya Kiingereza. Jamaa yake ni kamera ya sanduku ya wapiga picha wa barabarani. Hiyo ilipiga na kusafisha picha ndani ya sanduku lilelile, juu ya karatasi, na mteja akasubiri pale pale.

Mali ni ya nani?

Swali hili hurukwa, nalo ndilo huleta ugomvi. Ikiwa mwenye studio yuko hai, uamuzi ni wake, hata kama ana miaka 90 na vitu viko nyumbani kwako. Ikiwa amefariki, kamera ni sehemu ya mirathi sawa na shamba na ng'ombe. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Mirathi (Sura ya 160) kinakataza mtu kuchukua, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila idhini ya sheria. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi 10,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Barua ya chifu husaidia kuonyesha warithi ni nani, lakini haitoshi kuuzia mali. Kinachotakiwa ni hati ya kusimamia mirathi kutoka mahakamani. Wakati mnaisubiri, hakuna kinachowazuia kuandika orodha, kupiga picha kila kifaa na kuviweka mahali pakavu. Orodha hiyo itawafaa hata mbele ya hakimu.

Anza na picha, kamera baadaye

Watu wengi huanza na kamera kwa sababu ndiyo inayoonekana kuwa na bei. Ushauri wetu ni kinyume. Kamera ya aina hiyohiyo inaweza kupatikana tena Nairobi au ng'ambo. Negativu ya harusi ya Kiritiri ya mwaka 1965 iko moja tu.

Fikirieni eneo letu. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kuna familia zilizohama maji yalipopanda, na kuna makaburi, mashamba na vivuko ambavyo leo viko chini ya maji. Picha iliyopigwa kabla ya hapo huenda ndiyo ushahidi pekee wa macho kwamba boma fulani lilikuwa mahali fulani. Anayetunza sanduku la negativu huenda hajui ana nini mkononi.

Kuna mfano mkubwa wa hapa nchini. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, akawa mpiga picha wa majarida ya Time na Life, na aliuawa mwaka 1968 akiripoti vita vya Biafra nchini Nigeria. Picha zake nyingi, zikiwemo za miaka ya kupigania uhuru wa Kenya, zilikaa kwa miongo kadhaa katika gereji jijini Nairobi hadi jamaa yake alipozitafuta. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 2018. Kama gereji hiyo ingesafishwa kwa haraka, zingeishia jalalani.

Shika negativu kwa kingo, mikono ikiwa misafi na mikavu. Upande usiong'aa ndio wenye picha, usiuguse. Mabamba ya kioo yasimamishe kwa ukingo wake mrefu kama vitabu kwenye rafu. Yakilazwa kwa rundo, la chini hupasuka. Weka kila negativu katika bahasha ya karatasi safi, si gazeti wala mfuko wa plastiki, na uandike kwa penseli juu ya bahasha kabla ya kuitia picha. Joto la Mbeere ni adui, na chini ya mabati mchana ni kama jiko. Tafuta chumba cha ndani chenye kivuli, inua sanduku juu ya matofali kwa ajili ya mchwa, na ulitenge na ukuta.

Halafu nusa. Filamu inayotoa harufu ya siki imeanza kuoza, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa jirani zake, kwa hiyo itenge na uinakili mapema. Ya hatari zaidi ni filamu ya kale ya naitreti, ambayo Kodak iliacha kuitengeneza mwanzoni mwa miaka ya 1950. Hushika moto upesi na haizimiki kwa kufunikwa, kwa kuwa huungua hata pasipo hewa. Filamu salama mara nyingi huwa na neno SAFETY ukingoni. Ukikuta filamu ya zamani isiyo na neno hilo, inayonata au iliyogeuka unga wa kahawia, itoe nje ya nyumba ya kulala, iweke mbali na jua na jiko, na uombe ushauri wa idara ya zimamoto ya kaunti. Usijaribu kipande chake kwa kiberiti. Tunasema hivi kwa sababu kuna watakaoshawishika.

Kunakili hakuhitaji mashine. Fungua ukurasa mweupe kwenye tableti, weka juu yake kipande cha plastiki nyeupe inayopitisha mwanga ili vitone vya kioo visionekane, laza negativu, kisha piga picha kwa simu nyingine kutoka juu, taa za chumba zikiwa zimezimwa. Programu nyingi za kurekebisha picha zinaweza kugeuza negativu kuwa picha ya kawaida. Mkishamaliza, kaeni na wazee. Nyanya aliyeshindwa kukumbuka jina la mtu kwa miaka mingi hulikumbuka akiona uso wake. Muhuri wa studio pia husaidia kukadiria mwaka: wilaya ya Mbeere ilitengwa na Embu mwaka 1996, kwa hiyo bahasha iliyoandikwa "Wilaya ya Mbeere" haiwezi kuwa ya kabla ya hapo.

Kuhusu kuuza negativu, tahadhari. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, picha iliyoagizwa na mteja huhesabiwa kuwa haki yake imehamia kwa mteja huyo, isipokuwa pawe na makubaliano tofauti. Ulinzi wa picha hudumu miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa, ilipotolewa kwa umma au ilipochapishwa mara ya kwanza, lolote lililo la mwisho. Maana yake ni kwamba familia ya mpiga picha inaweza kumiliki kipande cha filamu bila kumiliki haki ya kuchapisha sura iliyomo. Sura ya mtu aliye hai, anayetambulika, pia ni taarifa binafsi chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ukiwatambua wenye picha, wape nakala kwanza. Wengi watafurahi kuliko unavyodhani.

Sasa kamera

Usitenganishe seti. Kamera bila vishikio vya filamu, au lenzi bila ubao wake, hupoteza sehemu kubwa ya bei. Kusanya kila kitu cha kamera moja pamoja, kisha soma maandishi: jina la mtengenezaji (Linhof, Sinar, Graflex, MPP, Gandolfi na kadhalika), jina la lenzi, kipimo chake kwa milimita na namba yake.

Kupima mivukuto, ingia chumba chenye giza na uwashe tochi ndogo ndani ya kamera. Kila tundu litaonekana kama nyota. Lenzi itazame dhidi ya mwanga: nyuzi kama za buibui ni ukungu, na ukungu hupenda mikoba ya ngozi, hivyo itoe humo. Shata iweke sekunde moja na usikilize. Ikikwama, iache hivyo na umwambie mnunuzi ukweli. Mafuta ya kupikia au ya cherehani huiharibu kabisa. Usisugue shaba ing'ae pia, kwa maana wanunuzi wengi huitaka ilivyo.

Soko lipo. Ilford na Kodak bado hutengeneza filamu za inchi 4 kwa 5, na wapo vijana wa Nairobi na wageni wanaozitumia. Unapotafuta bei mtandaoni, angalia vitu vilivyokwisha kuuzwa, si bei zinazoombwa tu. Enlaja kubwa mara nyingi hazina mnunuzi kwa sababu ya uzito, lakini lenzi yake ndogo yaweza kuuzwa peke yake. Asiyetaka kuuza anaweza kuitoa kwa shule au chuo kinachofundisha sanaa, ila aulize kwanza kama wanaihitaji.

Chupa za chumba cha giza hazitolewi kwa mtu yeyote. Dawa ya kukazia picha iliyokwisha kutumika ina madini ya fedha yaliyoyeyuka. Fuwele za rangi ya chungwa huenda ni daikromati, ambayo ni sumu na husababisha saratani. Usimwage chooni, shimoni wala kwenye kijito, hasa huku ambako watu huchota maji kwenye mchanga wa mito ya msimu. Usichanganye chupa mbili, na usihamishie dawa kwenye chupa ya soda. Zifunge zikiwa wima ndani ya ndoo, zifungie mbali na watoto, na wasiliana na ofisi ya NEMA ya kaunti ikuelekeze kwa msafirishaji wa taka hatari mwenye leseni.

Wanaofikiria kutoa mkusanyiko mzima kwa umma wana mlango. Idara ya Nyaraka za Taifa iliyo Moi Avenue, Nairobi, hutunza kumbukumbu za nchi, na humo mna mkusanyiko wa Joseph Murumbi, makamu wa rais wa zamani, aliyechagua vitabu na sanaa yake vibaki Kenya. Makumbusho ya Taifa yana tawi la karibu nasi Meru, katika jengo la zamani la ofisi ya DC. Taasisi hizi hazichukui kila kitu, kwa hiyo peleka orodha na nakala za picha chache kabla ya kubeba masanduku. Mkikubaliana, dai hati ya maandishi inayosema nini kimetolewa, nani ataruhusiwa kuchapisha, na kwamba familia itapata nakala bila malipo. Ikiwa mnunuzi anataka kupeleka picha za zamani nje ya nchi, uliza taasisi hizo kwanza kama kibali kinahitajika, kabla ya kupokea pesa.

Wasiojua waanzie wapi waje na orodha yao, hata iliyoandikwa kwenye daftari la shule, katika ofisi ya utamaduni ya kaunti mjini Embu. Maktaba na makumbusho ya ngazi ya kaunti ni jukumu letu chini ya Jedwali la Nne la Katiba, na kuuliza hakulipiwi.