Njia ndefu ya mkuu wa shule kurejea kwao

MWALIMU aliyezaliwa Bisibo, wilayani Biharamulo, akapangiwa kazi Lindi na kupanda ngazi hadi kuwa mkuu wa shule, anaweza kurudi kwao. Hakuna sheria inayomzuia. Lakini akirudi kwa ombi lake mwenyewe, kwa kawaida hurudi akiwa mwalimu wa darasani, cheo chake akikiacha katika shule aliyokuwa akiiongoza.

Wakazi wa mijini wamezoea kusikia habari za walimu wanaokimbia vijiji. Safari ya upande wa pili, ya kiongozi wa shule anayetaka kurejea katika wilaya ya pembezoni alikozaliwa, haizungumzwi sana. Hata hivyo, ni safari inayogusa moja kwa moja hatima ya shule za maeneo kama Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera.

Ni vema kwanza kutofautisha vyeo. Katika shule ya msingi kiongozi huitwa mwalimu mkuu. Katika sekondari huitwa mkuu wa shule. Wote wawili ni walimu waliokabidhiwa madaraka, na madaraka hayo ni ya kituo cha kazi. Mshahara ni wa daraja la mwalimu mwenyewe, hivyo humfuata popote aendako. Posho ya madaraka haimfuati. Ilipoanzishwa katikati ya miaka ya 2010, posho hiyo ilikuwa Sh250,000 kwa mwezi kwa mkuu wa sekondari na Sh200,000 kwa mwalimu mkuu. Kwa mtumishi mwenye watoto wanaosoma, hicho si kiasi cha kupuuzwa.

Kwa nini walipelekwa mbali

Utaratibu wa kumpeleka mwalimu mbali na kwao haukuja kwa bahati mbaya. Mwaka 1962, mwaka mmoja baada ya Uhuru, Tanganyika iliunganisha walimu wa serikali, wa misheni na wa mamlaka za wenyeji katika utumishi mmoja. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ikaziweka shule za mashirika ya dini chini ya dola, zikiwamo shule kongwe za Kagera kama Ihungo na Kahororo.

Tangu hapo, mwanafunzi wa Biharamulo aliweza kuchaguliwa kwenda Tabora, na mwalimu wa Songea akapelekwa Bukoba. Taifa lilikuwa linajengwa kwa kuchanganya watu, na Kiswahili kilienea pamoja nao.

Kulikuwa na kipindi kimoja ambapo mambo yalikwenda kinyume. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 na kuanza kwa Elimu ya Msingi kwa Wote mwaka 1977, serikali ilihitaji maelfu ya walimu kwa haraka. Vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa wakiwa kazini katika shule za vijijini, wengi wao karibu na makwao. Walimu hao walilaumiwa kwa elimu yao ndogo, lakini vijiji vingi vilipata watu ambao hawakuondoka mwaka uliofuata.

Mfano wa njia ya nje

Njia ya kawaida ya mtoto wa eneo hili kuelekea ualimu inaonekana katika maisha ya Hayati John Magufuli, aliyezaliwa mwaka 1959 Chato, wakati huo ikiwa sehemu ya Wilaya ya Biharamulo. Alisoma Seminari ya Katoke wilayani humo, akaenda Mwanza, kisha Iringa, ambako alihitimu katika Chuo cha Ualimu Mkwawa. Kituo chake cha kwanza kilikuwa Sekondari ya Sengerema, alikofundisha kemia na hisabati.

Hakurudi kwao kuongoza shule. Alirudi mwaka 1995 akiwa mbunge wa Biharamulo Mashariki, baada ya kuwa ameshaacha kufundisha na kufanya kazi ya mkemia Mwanza. Kwa mwalimu mwenye kipaji cha uongozi, siasa imekuwa njia inayofahamika zaidi ya kurejea nyumbani na hadhi kuliko ofisi ya mkuu wa shule.

Mlango wenye funguo mbili

Hadi mwaka 2009, shule za sekondari zilisimamiwa moja kwa moja na wizara yenye dhamana ya elimu. Mwaka huo zilikabidhiwa kwa halmashauri. Mabadiliko hayo yaliisogeza shule karibu na wananchi, lakini yalimfanya mwalimu kuwa mtumishi wa halmashauri moja. Anayetaka kuhama sharti aachiwe na mkurugenzi wa anakotoka na akubaliwe na mkurugenzi wa anakokwenda. Kama anavuka mkoa, ruhusa hutoka TAMISEMI.

Kwa anayeelekea Biharamulo au Ngara, funguo hizo mbili mara nyingi si kikwazo kikubwa. Halmashauri za mijini huwa na walimu wa kutosha katika masomo mengi, na za pembezoni huwa na upungufu. Kikwazo kiko kwingine.

Kwanza ni gharama. Mwajiri akimhamisha mtumishi, hulipa posho ya kujikimu, posho ya usumbufu na usafirishaji wa mizigo. Mtumishi akiomba mwenyewe, hujigharimia. Kutoka Dar es Salaam hadi Biharamulo ni zaidi ya kilomita 1,000.

Pili ni familia. Mwenzi wake ana kazi yake na watoto wana shule zao. Tatu ni hicho cheo. Anakokwenda kuna mkuu wa shule tayari, na kuna wasaidizi waliosubiri zamu yao kwa miaka. Uzoefu wa mgeni, hata kama amepitia mafunzo ya uongozi katika Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu (ADEM), Bagamoyo, haumpi haki ya kupewa ofisi.

Faida na hatari za kuwa mwenyeji

Je, kuna hasara gani akikaa huko huko aliko? Historia ya eneo hili inatoa jibu. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya muda wa siku moja hivi. Mashirika ya misaada yalihitaji wafanyakazi, na walimu pamoja na watumishi wengine wa serikali waliacha vituo vyao kufuata mishahara ya kambini. Katika miaka hiyo na iliyofuata, ujambazi katika misitu ya Biharamulo uliyafanya mabasi yasindikizwe na askari wenye silaha. Si rahisi kumshawishi mgeni aishi muda mrefu mahali palipokuwa na sifa hiyo.

Mwenyeji ana sababu ya kubaki. Anafahamu msimu wa kilimo unaowaondoa watoto darasani. Anaweza kuzungumza Kishubi au Kihangaza na bibi anayemlea mwanafunzi. Mzazi akidai mtoto amekwenda kwa mjomba, anamjua mjomba huyo.

Lakini wenyeji una hatari zake. Tangu mwaka 2016, ulipoanza mpango wa elimu bila ada hadi kidato cha nne, serikali imekuwa ikipeleka fedha za ruzuku moja kwa moja katika akaunti za shule. Mkuu wa shule amekuwa msimamizi wa fedha, wa ujenzi na wa zabuni ndogo ndogo. Binamu anataka kuuza mahindi ya chakula cha wanafunzi na jirani anataka kazi ya ulinzi. Kumkatalia mgeni ni rahisi kuliko kumkatalia mtu mtakayekutana naye msibani. Ndiyo maana bodi za shule na kamati za shule zinapaswa kuwa na nguvu ya kweli, si ya kwenye karatasi tu.

Hatari hiyo inadhibitiwa kwa ukaguzi. Pengo la mwalimu aliyeondoka halizibwi na mkaguzi. Ingefaa basi halmashauri zenye upungufu zitangaze wazi nafasi za uongozi zinapokuwa tupu na kuruhusu wakuu wenye uzoefu kutoka mikoa mingine kuziomba wakiwa na vyeo vyao, kwa ushindani na walimu waliopo. Gharama za kuwahamisha zingekuwa ndogo kuliko hasara ya shule inayobadilisha viongozi kila mara.

Kwa sasa, wengi hungoja kustaafu, kwa hiari wakiwa na miaka 55 au kwa lazima wakifika 60. Hapo ndipo mtumishi anapostahili kulipiwa nauli na mizigo hadi nyumbani kwao. Serikali imekubali, basi, kwamba mwalimu ana kwao na kwamba kumrudisha huko ni wajibu wake. Inamrudisha wakati chaki imekwisha mkononi.