Filamu Fupi ya Mapambano: Kazi ya Wanachuo na Mafundi

Wanachuo wanaosoma sanaa za maonyesho hupenda sana kutunga michezo yenye kukimbizana na kupigana. Mkufunzi naye huingiwa na mashaka mawili: fedha ni chache, na mtu aweza kuumia. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi filamu ya namna hiyo, yenye urefu wa dakika tano hivi, inavyoweza kutengenezwa kwa gharama ndogo kwa kushirikiana na mafundi wa kazi hiyo.

Mpango wa Picha

Yafaa wanachuo wafahamu tangu mwanzo kwamba nguvu ya filamu ya mapambano haitokani na hatari, bali na mpangilio wa picha. Mwaka 1903, huko Marekani, Edwin S. Porter alitengeneza The Great Train Robbery, filamu ya dakika 12 hivi. Mtazamaji humwona mtu akipigwa na kutupwa kutoka juu ya garimoshi. Kumbe kamera ilisimamishwa, mwigizaji akaondoka, na sanamu ikawekwa mahali pake. Kilichotupwa ni sanamu.

Tuchukue mfano wa darasani. Kijana anamfukuza mwizi aliyeiba sanduku la fedha za duka la ushirika, na mwizi anaruka ukuta. Onyesho hili lagawanywa katika picha nne: mwizi anaukimbilia ukuta, mikono yake inashika ukingo, uso wa kijana unaonyesha mshangao, miguu ya mwizi inatua upande wa pili. Picha ya mikono yaweza kupigwa mwigizaji akiwa amesimama juu ya meza imara, na ile ya miguu akiwa ameruka kutoka kwenye kigoda. Hakuna aliyepanda ukuta, lakini mtazamaji ataapa kwamba ameuona ukirukwa.

Kwa hiyo kila picha ichorwe kwanza kwenye karatasi na kupewa namba. Kamera nayo ibaki upande mmoja wa njia ya mbio. Mwizi akikimbia kutoka kushoto kwenda kulia, kisha kamera ikahamia ng'ambo, ataonekana kana kwamba anarudi alikotoka. Kosa la penseli hufutika bure. Kosa la siku ya kupiga picha hulipiwa nauli na chakula cha watu wote.

Kuwatumia Mafundi

Robert Rodriguez alipopiga El Mariachi (1992) katika Mexico kwa dola 7,000 hivi, alishika kamera mwenyewe, akatumia kiti cha magurudumu cha wagonjwa kuisogeza, na sauti akaichukua kando na picha. Huko Wakaliga, Kampala, Nabwana Isaac na wenzake walitoa Who Killed Captain Alex? mwaka 2010, wakitumia silaha za bandia zilizoundwa kwa vyuma chakavu. Watu hawa waliweza kufanya mengi wenyewe kwa kuwa walikuwa wamekwisha jizoeza. Chuo kina mikono mingi, lakini ujuzi bado ni mchache. Ndiyo maana twahitaji mafundi.

Fedha kidogo zilizopo zitumike kwanza mahali ambapo kukosa ujuzi huleta madhara. Wa kwanza kuajiriwa ni mtaalamu wa kupanga mapigano, anayefundisha pigo lipite hatua moja mbele ya uso huku kamera ikiwa mahali ambapo nafasi hiyo haionekani. Yeye apewe mamlaka ya kusimamisha kazi wakati wowote, na hata mkufunzi amtii. Wa pili ni fundi wa sauti, kwa maana kishindo cha ngumi hutengenezwa baadaye, na picha nzuri isiyosikika vema huwachosha watazamaji. Wa tatu ni mhariri. Siku hizi hata simu ya mkononi yaweza kupiga picha za kutosha. Kwa hiyo kamera ya kukodi isitangulizwe mbele ya watu hawa.

Fundi asiombwe kufanya kazi bure kwa kisingizio cha elimu. Akikubali malipo madogo, makubaliano yaandikwe: saa za kazi, chakula, nauli, jina lake kutajwa katika filamu, na nani atakuwa mwenye filamu. Kila fundi apewe wanachuo wawili wa kumsaidia na kuandika hatua za kazi yake. Kwa njia hiyo ujuzi hubaki chuoni fundi aondokapo.

Kabla ya Siku ya Kazi

Ruhusa zitafutwe mapema. Katika Tanzania, kibali cha kutengeneza filamu hutolewa na Bodi ya Filamu. Polisi na viongozi wa mtaa nao waarifiwe, hasa ikiwa kuna silaha za bandia, ili raia wasitaharuki. Mapigano yafanyiwe mazoezi polepole kwa siku kadhaa, na sanduku la huduma ya kwanza liwepo.

Kupima Mafunzo

Filamu ikimalizika, mkufunzi asiishie kuuliza kama inapendeza. Aulize: Je, kila picha ilikuwa na sababu? Je, wanachuo waweza sasa kupanga onyesho jingine bila fundi kuwaongoza? Je, wote walirudi nyumbani wazima? Swali la tatu likijibiwa kwa hapana, yale mawili ya kwanza hayana uzito tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini vidole vingi navyo vyahitaji mpango.