Marubani wa Mtoa na vita ya angani juu ya Ziwa Tanganyika

Mwezi Juni 1916 Usumbura, mji tunaouita leo Bujumbura, ulipata mtawala mwingine. Wajerumani walikuwa wamejiondoa, na askari wa Kikongo wa Force Publique, wakiongozwa na maofisa wa Kibelgiji, wakaingia. Mwezi huohuo, kusini kwenye ziwa hilihili linalopiga ufuko wetu wa Ruziba, karibu na mji huo, kulitokea jambo ambalo watu wa kandokando ya Tanganyika hawakuwa wamepata kuliona. Ndege iliinuka kutoka majini upande wa Kongo, ikavuka ziwa, ikaenda kudondosha mabomu Kigoma. Rubani wake alikuwa Aimé Behaeghe, kijana asiyezidi miaka 26, na pamoja naye alikaa mwangalizi wake, Collignon.

Huku kwetu jina la Behaeghe halijulikani. Hata wale wanaopenda habari za Vita Kuu ya Kwanza humkumbuka zaidi Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson na boti zake mbili, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Cape Town kwa treni, kisha zikakokotwa milimani kwa matrekta na ng'ombe. Kisa hicho kimesimuliwa mara nyingi, na kina haki ya kusimuliwa. Tarehe 26 Desemba 1915 boti hizo ziliiteka meli ndogo ya Kijerumani, Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 ikazamishwa nyingine, Hedwig von Wissmann. Spicer-Simson alipata nishani ya DSO.

Lakini ilibaki meli moja, nayo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Graf von Götzen iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000 na kupelekwa Dar es Salaam, kisha kwa reli hadi Kigoma. Iliteremshwa majini mwaka 1915. Urefu wake ulizidi mita 70, na Wajerumani waliipachikia mzinga uliookolewa kutoka manowari Königsberg, ile iliyoishia katika delta ya Rufiji. Spicer-Simson alipoiona, hakutaka kuishambulia. Simlaumu sana, kwa kuwa boti za mbao dhidi ya mzinga wa namna ile zisingedumu. Ila ziwa halikuwa huru maadamu meli ile ilikuwa inaelea, na majeshi ya Kibelgiji yaliyokuwa yakiteremka kupitia Rwanda na Burundi kuelekea Tabora yalikuwa na adui ubavuni.

Dhidi ya meli hiyo ziliitwa ndege. Jeshi la majini la Uingereza liliwaazima Wabelgiji ndege nne aina ya Short 827, zenye mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine na maboya ya mbao mahali pa magurudumu. Hebu tufuate njia yake kwenye ramani. Kutoka Matadi zilipanda treni hadi Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa. Zikapakiwa kwenye meli za mto hadi Stanleyville, yaani Kisangani. Treni tena hadi Ponthierville, mto tena hadi Kindu, treni hadi Kongolo, mto hadi Kabalo, na mwisho reli iliyokuwa imefika ziwani mwaka 1915 tu. Kila treni ilipokoma, masanduku yalishushwa. Kila meli ilipotia nanga, yakashushwa tena. Mbao nyembamba, turubai na injini zilivuka bara zima katika joto na mvua, zikaunganishwa upya karibu na Mtoa, kaskazini kidogo ya Kalemie.

Hata baada ya safari hiyo ziwa lilizikataa. Anayeishi Ruziba hahitaji kuelezwa jinsi Tanganyika inavyochafuka upepo ukivuma. Maboya ya mbao hayakuweza kustahimili mawimbi yale, kwa hiyo kambi ikawekwa kwenye Tungwe, ziwa dogo lililotulia pembeni ya ziwa kubwa. Tena uso wa Tanganyika uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni ya moto na nyepesi. Injini iliyotengenezwa kwa ajili ya bahari baridi za Ulaya huku ilipungukiwa na nguvu, na kila kilo iliyopakiwa ilihesabiwa: mafuta, mabomu, watu wawili.

Kutoka hapo hadi Kigoma ni zaidi ya kilomita 100, na ndege zile zilikuwa na mwendo wa takriban kilomita 100 kwa saa. Maana yake ni saa nzima na ushei kwenda na vivyo hivyo kurudi, juu ya maji yenye kina kinachofika karibu mita 1,470, kwa injini moja iliyokwisha kuteseka. Hakukuwa na miavuli ya kurukia. Hakukuwa na redio ya kuomba msaada. Injini ikizimika, rubani alipaswa kutua juu ya mawimbi yaleyale yaliyowafanya wenzake waikimbie pwani ya ziwa, kisha kungoja, kama maboya yangeshika. Kwa maoni yangu ushujaa wa Behaeghe na wenzake, akiwemo rubani Orta na mwangalizi Russchaert, uko hapo hasa. Risasi za Kigoma zilikuwa hatari, lakini zilikuwa hatari ya dakika chache. Ziwa lilikuwa hatari ya safari nzima, na walilivuka tena na tena mwezi Juni na Julai.

Mabomu yao yalifanya nini? Wabelgiji waliripoti kwamba Götzen ilipigwa. Ukweli ni kwamba meli haikuzama kwa bomu lolote, na mzinga wake mkubwa ulikuwa umekwisha kuondolewa na kupelekwa penye mapigano ya nchi kavu, mahali pake pakawekwa wa bandia. Marubani hawakujua hilo. Walirukia kitu walichoamini kwamba kinaweza kuwaangamiza, na mimi ninaupima moyo wa mtu kwa kile alichojua siku ile, si kwa kile tulichokuja kukigundua baadaye. Juu ya hayo, Kigoma haikuwa tena mahali pa kujificha. Majeshi ya nchi kavu yalipoikaribia reli, Wajerumani waliizamisha Götzen wenyewe tarehe 26 Julai 1916. Mafundi wao waliipaka injini grisi nene kabla ya kuizamisha, wakitumaini kurudi. Siku chache baadaye Wabelgiji waliingia Kigoma, na Septemba wakaichukua Tabora.

Behaeghe hakurudi kwao. Alizaliwa mwaka 1890 Kachtem, kijiji cha Flanders Magharibi ambacho wakati akiruka juu ya ziwa letu kilikuwa chini ya jeshi la Ujerumani. Aliugua, akafia Niemba, Kongo, Desemba 1916. Historia ya usafiri wa anga humtaja kuwa rubani wa kwanza wa Afrika ya Kati. Ziwa halikumuua, wala bunduki za Kigoma. Alikufa kwa maradhi, kama walivyokufa wengi wa vita ile.

Na nikisema wengi, siwezi kuishia kwa marubani. Kongo ya Wabelgiji ilikusanya wapagazi wapatao 260,000 kwa ajili ya vita hii, na katika Rwanda na Burundi pia watu walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi yaliyopita. Waliokufa njiani kwa njaa, kuhara na uchovu walikuwa wengi kuliko waliouawa kwa risasi. Walioshusha masanduku ya ndege pale Kindu au Kabalo walifanya kazi ambayo bila hiyo Behaeghe asingeinuka hata mita moja juu ya maji, lakini hatuwezi kumtaja hata mmoja wao kwa jina. Hapo Mugere, si mbali na Ruziba, lipo jiwe lililochongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871, kwa sababu walilala hapo. Wageni wawili waliolala wamepewa jiwe. Waliobeba vita nzima hawana hata kibao.

Vita ile si habari ya mbali na sisi. Ndiyo iliyoiondoa Burundi mikononi mwa Wajerumani na kuitia mikononi mwa Wabelgiji hadi 1962. Hata meli yenyewe bado imo katika maisha yetu. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na kwa ile grisi injini zake zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi upya kwa jina la Liemba. Mei 2015, maelfu ya wakimbizi Warundi walipokwama kwenye ufuko mwembamba wa Kagunga, ng'ambo tu ya mpaka wa Tanzania, ni Liemba iliyowapeleka Kigoma safari baada ya safari, mamia kwa mamia. Meli aliyoirushia mabomu Behaeghe ndiyo iliyowabeba mama zetu na watoto wao. Sijui kisa kingine cha ziwa hili kinachostahili zaidi kuingia katika vitabu vya shule.

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Ruziba, Kanyosha na Rumonge, na kwa wenzao wa Kigoma, Uvira na Kalemie. Wafundisheni watoto vita ya 1916 kama vita iliyopiganwa hapa, kwenye maji wanayoyaona kila siku. Na nyumbani, kama yupo mzee aliyesikia kwa babu yake habari za mizigo ya Wabelgiji, za askari waliopita, au za siku ile kitu chenye mabawa kilipopita juu ya ziwa, msikae mkangoja. Ketini naye, mmsikilize, mwandike majina atakayoyataja.